Deni la mama wa Ahero lilisikika hadi kwenye foleni

Mjomba, salamu nyingi kutoka Kisumu.

Mimi ni karani wa hesabu katika Sacco moja hapa mjini. Tuko wafanyakazi 14. Mwezi wa Januari tulihama kutoka ofisi yetu ya zamani, vyumba vidogo vya milango ya mbao na mazulia yaliyolika, tukaingia ghorofa ya pili ya jengo jipya kando ya barabara ya Jomo Kenyatta. Siku ya kwanza tulipiga picha mpaka simu zikaisha chaji. Sakafu ni vigae vinavyong'aa, kuta nyeupe, upande wa barabarani kioo kitupu, na juu hakuna dari. Mchoraji alisema slabu ikionekana ndiyo mtindo. Kuta za ndani hatuna, isipokuwa kichumba kimoja cha vioo pale kona, cha watu wa mikopo. Meneja alisema sasa tutafanya kazi kama familia moja.

Mjomba, familia hii itaniua. Mtu akiangusha kalamu kule kaunta, mimi nageuka. Nikijumlisha safu moja ya tarakimu mara tatu, napata majibu matatu. Nje kuna tuktuk na makondakta wa Kondele, lakini hao nimewazoea. Wanaonimaliza ni wenzangu. Najua mtoto wa nani amekataa dawa, najua fundi yupi amekula pesa za nani, na sikuuliza. Halafu kuna mzee wetu wa mikopo, amebakisha miaka miwili astaafu, mtu wa heshima zake. Akishika simu kumkumbusha mwanachama deni, jengo zima linakumbushwa. Kijana wetu wa kompyuta alianza kuvaa hedifoni, akaambiwa ana kiburi. Nilipomlalamikia meneja alicheka, akasema, "Mtazoea."

Sasa sikia kilichonifanya nishike kalamu. Wiki mbili zilizopita mama mmoja alitoka Ahero kuja kueleza kwa nini mkopo wake umelala miezi minne. Tulimwingiza katika kile kichumba cha vioo, mlango ukafungwa, tukaamini tumemsitiri. Kumbe kwenye foleni aliketi jirani yake. Kabla ya Jumapili habari zilikuwa zimefika kwenye chama chao cha kina mama. Jumatatu alirudi kufunga akaunti. Hakugomba. Alisema tu, "Nilidhani mlango umefungwa."

Meneja ameshtuka kidogo. Ametoa shilingi 80,000 na kunipa mimi kazi ya "kumaliza kelele". Fundi mmoja anataka kubandika sponji zile za vipembe kwenye kuta zote. Binamu yangu anasema nikusanye trei za mayai pale soko la Kibuye, karibu bure. Nimepima ukumbi: urefu mita 12, upana mita 8, kimo mita 3. Kuta za kichumba cha mikopo ni kioo, na zinaishia futi moja na nusu kabla ya kugusa slabu. Nifanye nini? Na yule mzee nimwambieje?

Karani wa Ghorofa ya Pili, Kisumu


MJOMBA ANAJIBU

Mpwa wangu, asante kwa kupima. Watu huniandikia "kelele imezidi" wakaniachia nibahatishe. Wewe umenipa mita, na ile futi moja na nusu uliyoitaja mwishoni, kama jambo dogo, ndiyo iliyomfukuza mama wa Ahero.

Kabla hujamlipa mtu hata shilingi, watenganishe mapacha wawili ambao fundi wako amewachanganya. Kuna kunyonya sauti na kuna kuzuia sauti. Kunyonya ni kazi ya vitu laini vyenye nyuzi na vinyweleo. Sauti ni hewa inayotikisika. Ikiingia kati ya nyuzi inasuguana nazo, nguvu zake zinageuka joto dogo lisilohisiwa na mkono, na mwangwi unakufa humo humo. Kuzuia ni kazi ya uzito na ya kuziba: ukuta mzito usio na tundu. Blanketi linanyonya vizuri, lakini litundike liwe ukuta kati yako na jirani uone kama hatakusikia ukimsema. Ukuta wa mawe nao unazuia sana, ila haunyonyi. Sauti unayoutupia karibu yote inakurudia. Ukumbi wenu unataka kunyonywa. Kichumba cha mikopo kinataka kuzuiwa. Huyo wa sponji ana dawa moja na wewe una wagonjwa wawili.

Nianze na kichumba, maana pale kuna mtu aliumia.

Chukua ukuta wa mita 3 ulioachwa wazi sentimita 45 kwa juu. Hilo ni pengo la asilimia 15. Sauti haichagui njia ngumu wakati rahisi ipo. Tundu la asilimia 1 peke yake linatosha kufanya ukuta wowote duniani usiweze kupunguza zaidi ya desibeli 20 hivi, desibeli ikiwa ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti. Kwa asilimia 15, hata sehemu iliyobaki mngeijenga kwa zege, hamtavuka desibeli 8. Mazungumzo ya kawaida, mkiwa mmekaa mita moja, ni kama desibeli 60. Ondoa 8, na kwenye foleni mtu bado anasikia kiasi cha deni, jina la mdhamini, na kilio. Mnachofunga pale ni picha ya mlango.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya zile 80,000 iende hapo. Mwite fundi wa jipsamu apandishe ukuta mpaka uguse slabu kabisa, si mpaka "karibu". Mbao mbili za jipsamu kila upande, katikati ajaze pamba ya mawe, ile ambayo muuza vifaa vya ujenzi ataitambua ukimwambia Rockwool. Kila kiungo, kila kona, kila mahali waya unapopita, apige silikoni. Mafundi wetu hupenda kuiruka silikoni kwa sababu haionekani, kwa hiyo simama pale mpaka aipige. Kisha utazame mlango. Kama ni ule wa plaiwudi wenye uwazi ndani, ubadilishe uwe wa mbao iliyojaa, na chini uwekewe mpira unaogusa sakafu. Mwanga ukipenya chini ya mlango, maneno nayo yanapenya.

Ila Kisumu ni Kisumu. Ukifunga chumba hivyo bila njia ya hewa, mwanachama atatoka humo amelowa jasho na mzee wako atauacha mlango wazi kuanzia saa nne, na pesa zote mtakuwa mmezimwaga. Acheni njia ya hewa, lakini isiwe tundu lililonyooka. Iwe kama mfereji wa mbao uliopinda kama goti mara mbili, ndani umevishwa ile pamba. Hewa inapinda bila taabu. Sauti ikipinda kwenye pamba inachoka.

Na leo jioni, kabla fundi hajaja, hamisha viti vya foleni. Hiyo haina gharama. Viondoe karibu na kichumba, vipeleke upande wa barabarani ambako tuktuk zitawafanyia kazi ya bure ya kufunika maneno. Weka feni upande huo. Nitarudi kwenye hilo la kufunika, usilipuuze.

Ukienda kwa meneja kuomba hizi pesa ziende kwenye ukuta badala ya mapambo, usiende na kanuni za kelele kazini. Kenya tunazo, za mwaka 2005, na zinasema mfanyakazi asikae katika kelele inayozidi desibeli 90 kwa saa nane. Hiyo ni sheria ya viwandani, ya mashine za kusaga na kukata. Ofisi yenu haifiki huko hata mzee akiwa kwenye simu, na meneja atakushinda kwa hoja. Nenda na Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Deni la mtu ni habari yake binafsi, na anayeishika ana wajibu wa kuilinda, iwe iko kwenye kompyuta au inatoka mdomoni kwa karani. Hapo hatacheka. Mkumbushe pia kwamba akaunti imekwisha kufungwa moja, na kwamba chama cha kina mama kina wanachama wangapi.

Sasa ukumbi.

Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kule Marekani kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara uliowaaibisha. Mwalimu akisema neno, lilibaki likizunguka kwa zaidi ya sekunde tano na kugongana na yaliyofuata, mpaka wanafunzi hawaambulii kitu. Walimpa kazi hiyo kijana mmoja mwalimu wa fizikia, Wallace Sabine. Alichofanya kinanifurahisha kila nikikikumbuka: aliazima mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa jirani, akawa anaisogeza usiku mji ukiwa umelala, anaongeza michache, anapuliza filimbi ya kinanda, anapima kwa saa sauti inachukua muda gani kufa, anaongeza mingine. Asubuhi mito inarudishwa kwao. Kutokana na mito ile akapata kanuni ambayo wajenzi wanaitumia hadi leo: muda wa mwangwi unategemea ukubwa wa chumba ukiugawa kwa kiasi cha vitu vinavyonyonya vilivyomo.

Nimeipiga kwa ukumbi wako. Una mita za ujazo 288. Vigae, plasta, kioo na zege vyote vikiunganishwa havinyonyi kitu cha maana. Miili yenu 14 na nguo zenu mnanyonya karibu nusu ya kile ambacho jengo zima linakinyonya. Jibu ni sekunde mbili na kitu. Ofisi ya kufanyia kazi haitakiwi kuvuka sekunde moja, na ikishuka hadi 0.6 ndio raha. Ile ofisi yenu ya zamani mliyoiona ya kizee, yenye mazulia na mbao na mafaili mpaka darini, ilikuwa inawanyonyea sauti bure.

Usiniamini kwa maneno. Subiri watu watoke, simama katikati, piga kofi moja kali. Utausikia mkia wake ukikimbia kutoka kioo kwenda ukutani, trrr, kama kuku aliyeshtuliwa. Kisha fanya kama Sabine: azima mablanketi na magodoro kwa siku moja, yatundike na kuyaegemeza kila mahali, mwite meneja, piga kofi tena. Mwache asikie mwenyewe. Nimeona wakubwa wakibadilisha mawazo ndani ya dakika moja kwa mablanketi ya mtumba, wale wale walioshindwa na ripoti ya kurasa 20.

Kinachofaa kudumu ni vibao. Fremu ya mbao ya sentimita 60 kwa 120, fundi yeyote wa jua kali ataipiga; ndani pamba ya mawe ya unene wa sentimita 5; juu yake kitambaa. Kwa kitambaa kuna kipimo kimoja: kiweke mdomoni, upulize. Pumzi ikipita, sauti itapita na kuingia kwenye pamba. Ngozi bandia na turubai havifai. Vaeni glavu na barakoa mnapoikata pamba, inawasha na nyuzi zake si za kuvuta puani. Mikeka ya mafunjo ya kule Dunga inapendeza, na wengi wananiuliza habari zake. Ukutani peke yake hainyonyi cha kutajika. Ikitangulizwa mbele ya pamba hiyo inapitisha sauti vizuri, ila inashika moto, kwa hiyo iwe mbali na soketi.

Vibao 20 vitakushusha kutoka sekunde mbili na kitu hadi moja na nusu hivi. Vibao 55 vitakuvusha chini ya moja. Najua 55 ni vingi na pesa zimeishia kichumbani. Anzeni na 20, vining'inizwe juu ya meza kutoka kwenye slabu, maana kibao kinachoning'inia kinanyonya kwa pande zote mbili, na juu ndiko sauti inakopata uwanja mtupu wa kurudia. Vichache viende kwenye ukuta unaotazamana na kile kioo. Vile vya ukutani vitenganisheni na plasta sentimita 5. Uwazi huo wa nyuma unawasaidia kunyonya sauti nzito, kama ya mzee. Mwakani mnaongeza. Zulia jembamba litapunguza mlio wa viatu, kwa maneno halisaidii sana, na matope ya masika mnayajua wenyewe.

Trei za mayai, hapana. Niliwahi kuzibandika mimi mwenyewe nikiwa Nakuru, katika ofisi iliyopakana na stendi ya matatu, ujana ukinidanganya. Kelele zilibaki pale pale na mende wakahamia. Ile ni karatasi nyembamba iliyokunjwa; umbo lake linafanana na la sponji za studio, na watu wakadhani umbo ndilo linalofanya kazi. Zaidi ya hapo inawaka kama njiti.

Sponji ndiyo inayonitisha kweli. Februari 2003, katika klabu iitwayo The Station, jimbo la Rhode Island kule Marekani, fataki za jukwaani ziliwasha sponji iliyobandikwa ukutani kupunguza sauti. Watu 100 walikufa. Januari 2013, klabu ya Kiss mjini Santa Maria, Brazil, yakawa yale yale: fataki, sponji darini, moshi wa sumu, watu 242. Utasema ofisi yenu haina fataki. Ina nyaya, ina birika la chai, ina jenereta chini, na ina ngazi ngapi za kutokea? Pamba ya mawe haiwaki. Sponji ya kawaida ya godoro inawaka. Fundi akikwambia yake haishiki moto, mwombe karatasi ya kiwanda inayosema hivyo, na mkate kipande kidogo mkakijaribu nje uwanjani. Akikataa, umeshapata jibu.

Sasa kuhusu wewe na safu yako ya tarakimu. Umesema tuktuk umezizoea na wenzako hujawazoea. Si kwamba unawachukia. Ubongo unajua kuuacha mngurumo upite, lakini neno la lugha unayoielewa linaingia hata ukiwa umefunga mlango wa nia. Unaposhika tarakimu kichwani unazirudia kimya kimya kama mtu anayejisemea, na hapo maneno ya mwenzako yanagombea kiti kile kile. Kinachoumiza ni kueleweka kwa neno kuliko ukubwa wa sauti. Ndiyo maana mnong'ono kuhusu mtoto aliyekataa dawa unakuvuruga kuliko honi.

Na hiyo "mtazoea" ya meneja imejibiwa zamani. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha jaribio la makarani wanawake 40. Nusu walikaa saa tatu katika kelele ya chini, ya ofisi ya wazi ya kawaida, nusu wakakaa kimya. Waliokaa na kelele miili yao ilitoa adrenalini zaidi, na walipopewa mafumbo yasiyo na jibu walikata tamaa mapema. Walipoulizwa kama wamesumbuka zaidi ya wenzao, hawakusema hivyo. Mdomo ulikuwa umezoea, mwili bado.

Hapo ndipo inapoingia ile ya kufunika. Ukinyonya mwangwi wote ukafikia ukimya wa makaburini, utashangaa kwamba sasa unamsikia hata aliye kona ya mbali, kwa sababu hakuna kinachomfunika. Acheni kitu kimoja chenye sauti tulivu isiyobadilika: feni za darini, au kifaa kinachotoa sauti kama ya maji. Iwe ya chini, isiwaamshe mjibizane nayo. Redio haifai, redio ina maneno.

Kwa wale wa ofisi za mabati, ambao najua mtaniandikia mvua zikianza: vibao hivi havitawaokoa na mvua. Ile mnaizima juu, kwa blanketi zito la pamba ya mawe kati ya bati na dari, na mwenye nyumba ndiye wa kuulizwa. Litawapunguzia na joto la mchana.

Hedifoni za kijana: kubalianeni. Zikiwa masikioni, mtu aandike ujumbe au agonge meza. Zikiwa shingoni, karibu tuongee. Kiburi kitaisha siku moja tu baada ya meneja mwenyewe kuzivaa.

Mzee umenifikirisha. Mwaka 1911 daktari mmoja Mfaransa, Étienne Lombard, alionyesha kwamba mtu akizungukwa na kelele anapandisha sauti bila kujua. Mmoja akipandisha, wa pili anapandisha ili asikike, na wa tatu. Ndiyo maana nina hakika ofisi yenu huwa ni ya watu wastaarabu saa mbili asubuhi, na ikifika saa tano imekuwa Kibuye. Mzee anaongea na simu mbovu, katika chumba kinachomrudishia sauti yake na ya wenzake 13, tena kwa umri wake. Anapigania kusikika. Ukipunguza mwangwi utamwona naye anashuka bila kuambiwa neno.

Lakini kama atakuwa ndani ya kichumba kipya, kimya, na bado ananguruma, basi huenda masikio yameanza kumwacha. Hilo halisemwi mbele za watu wala halisemwi na karani wa umri wa mwanawe, utamvunjia heshima. Mtafute mwenzake wa rika, yule anayekunywa naye chai. Amwambie yeye mwenyewe anataka kupimwa masikio pale hospitali ya rufaa ya Jaramogi, ile mnayoiita Russia, na angependa wasindikizane. Wazee wawili wakienda pamoja, hakuna aliyepelekwa.

Limebaki moja ambalo hukuniuliza. Mama wa Ahero. Ukuta ukikamilika, usimpigie simu kumtangazia ukuta. Mwende kwake, wewe na mzee, si siku ya soko, msiende mikono mitupu, na msibebe fomu ya kufungua akaunti. Mzee ndiye atangulie kusema, kwa kuwa sauti iliyosikika ilikuwa yake. Mwombeni radhi kwa sababu mlango haukuwa umefungwa. Akiwapa chai, nyweni. Asipowapa, mmeshafika.

Mjomba